Uhakiki wa Bunduki Fupi

Neno uhakiki lina makazi mawili katika nchi yetu. Kwa sisi tuliofundisha Kiswahili, uhakiki ni kazi ya kulichunguza shairi au riwaya, kupima fani yake na maudhui yake, kisha kutoa hukumu yenye sababu. Kwa polisi, uhakiki ni kuzikagua silaha za raia: namba iliyogongwa kwenye chuma, jina lililoandikwa kwenye leseni, na mtu aliyesimama mbele ya meza. Mwaka 2016 wamiliki wa silaha nchini walitakiwa kuzipeleka zihakikiwe, nikawaona wazee wenzangu wakipanda mabasi na vifurushi virefu vilivyoviringwa kwenye magunia, abiria wengine wakijifanya hawaoni. Nilijiambia wakati ule kwamba uhakiki wa aina moja hautoshi. Polisi anauliza bunduki ni ya nani. Mhakiki wa pili angeuliza ni bunduki ya namna gani, imetungwa kwa ajili ya nani, na inamfanya nini yule anayeishika. Maswali hayo ya pili ndiyo ninayokusudia kuyajibu hapa, ndugu msomaji, kadiri ya uwezo wangu.

Kazi ninayoihakiki ni bunduki ya marisau iliyo fupi, inayojipakia yenyewe, na ambayo mtambo wake umewekwa ndani ya kitako, nyuma ya kifyatulio. Kwa Kiingereza huitwa bulpapu. Sisi hatuna neno lake, nami nitaiita bunduki fupi. Nimeijua kwa sababu ya mpwa wangu, anayelima mahindi na ufuta upande wa Handeni. Alinijia na simu yake, akanionyesha picha, akasema, “Shikamoo, mjomba. Hii ndiyo dawa ya nguruwe.”

Mpwa wangu si mtu wa kuchekwa. Anayejua kilimo cha Handeni anajua nguruwe pori. Wanakuja usiku kwa kundi, wanakula mhindi mmoja na kuangusha kumi, na alfajiri mkulima anakuta shamba limelala kama limepitiwa na trekta. Mvua zetu ni za kubahatisha. Mwaka ambao mvua imekubali na mahindi yamebeba, kuyapoteza kwa wiki moja ni kupoteza ada za watoto na chakula hadi msimu mwingine. Mtu aliyelala kwenye dungu usiku wa manane, akisikia mabua yakivunjika upande asioweza kuuona, ana haki ya kutamani silaha. Kwa hiyo sianzi na hukumu kwamba raia asiwe na bunduki. Naanza na swali kama bunduki hii inafaa kwa kazi hii, mahali hapa.

Tena sisi wa pande hizi tuna sababu ya pekee ya kulichukulia swali hilo kwa uzito. Katika Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemi, ufalme wa Usambara unaanza na nguruwe. Mbega, mwindaji kutoka Ngulu, anapita Kilindi, anapanda milimani, anawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, anawagawia nyama, na mwisho anawekwa kuwa mfalme Vuga. Silaha zake ni mikuki na mbwa. Miaka mingi niliwaambia wanafunzi wangu wasikisome kisa hiki kama hadithi ya shujaa tu. Watu hawakumpa Mbega utawala kwa sababu alikuwa na mkuki, maana mikuki walikuwa nayo wengi. Walimpa kwa sababu waliona mkuki wake unafanya kazi katika mashamba yao wote.

Bunduki zilipokuja, kisa kilibadilika. Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vuga, juu mlimani, hadi kufa kwake mwaka 1862. Wakati huo njia za misafara zilikuwa zikipita chini, tambarare, na baruti ilikuwa ikipanda kutoka pwani. Semboja, mwanawe, alikaa Mazinde, mahali ambapo leo basi la Korogwe linapita kwenda Same, akapata bunduki kwa biashara na akawa na nguvu kuliko aliyekalia kiti cha Vuga. Vita vilivyofuata viliivunja nchi na kuwapeleka watu wengi utumwani. Upande wa Uzigua, bunduki hizo hizo zilimwezesha Bwana Heri bin Juma wa Saadani kupigana na Wajerumani hadi mwaka 1890. Kwa hiyo silaha hiyo moja imetuuza na imetutetea, na mtu anayeisifu tu au kuilaani tu hajaisoma historia yetu nusu yake.

Sasa tuitazame fani. Wazo la bunduki fupi si jipya. Waingereza walijaribu moja ya namna hiyo, iliyoitwa Thorneycroft, mwaka 1901. Katika bunduki ya kawaida risasi inakaa mbele ya kifyatulio, na kitako cha nyuma ni mti mtupu wa kuegemeza begani. Mtunzi wa bunduki fupi alijiuliza kwa nini mti ule ukae bure. Akauondoa, akaurudisha mtambo nyuma hadi karibu na bega, na mtutu ukabaki na urefu wake ule ule. Mfano mmoja ni Tavor TS12 ya Israel, iliyotangazwa mwaka 2018: mtutu wake ni wa sentimita 47, na bunduki nzima ni kama sentimita 72. Ya kawaida yenye mtutu kama huo hukaribia mita moja. Hiyo ya Israel ina mirija mitatu ya risasi, kila mmoja ukichukua risasi 5. Viwanda vya Uturuki navyo vinatengeneza bunduki fupi za marisau na kuziuza nchi nyingi.

Sifa zake ni za kweli, na mhakiki mwadilifu huzitaja kwanza. Ni rahisi kugeuka nayo mlangoni au ndani ya gari. Uzito wake uko karibu na mwili, hivyo mkono wa mbele hauchoki upesi. Na kwa kuwa inajipakia kwa nguvu ya gesi, sehemu ya teke lake humezwa na mtambo, nalo bega hupumzika.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Kifyatulio kiko mbele na mtambo uko nyuma, kwa hiyo lazima viunganishwe kwa ufito mrefu, na kidole huhisi uzito na ulegevu badala ya mkatiko safi. Chemba inayolipuka iko chini ya shavu, na sikio liko karibu mno na kishindo. Bunduki nyingi za aina hii hutupa maganda upande wa kulia, ambako ndiko uso wa mtu wa mkono wa kushoto uliko. High Standard, bunduki fupi ya marisau iliyobuniwa na polisi wa California, Alfred Crouch, na kuuzwa kwa polisi wa Marekani katika miaka ya 1960, haikuweza kutumiwa kwa bega la kushoto. Mpwa wangu anashika jembe kwa kushoto, na kalamu kwa kushoto. Nilipomwuliza ganda litarukia wapi, aliiangalia picha upya, kimya.

Kuna ushahidi mwingine. Majeshi makubwa yaliipokea fani hii kwa bunduki zao za vita: Austria mwaka 1977, Ufaransa miaka michache baadaye, na China katika miaka ya 1990. Mwaka 2016 Ufaransa ilichagua bunduki ya Kijerumani ya mpangilio wa kawaida, na mwaka 2019 China nayo ilionyesha hadharani bunduki mpya ya mpangilio wa kawaida. Hawakusema kwamba fani fupi ni mbovu. Waliona tu kwamba faida yake ya ufupi haikulipa gharama zake nyingine. Ikiwa askari mwenye mwalimu, fundi na ghala amefikiri hivyo, mkulima asiye na hata kimoja kati ya hivyo vitatu na afikiri mara mbili.

Nije kwenye utunzaji, ambao ndio mtihani wa umiliki wowote. Bunduki ya kujipakia ni mashine yenye njaa na yenye kuchagua chakula. Aliyefanikiwa kwanza kuitunga kwa upande wa marisau ni John Browning wa Marekani, na bunduki yake ilianza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1902. Ilikuwa na pete ndani ambazo mwenyewe alipaswa kuzipanga kulingana na nguvu ya risasi alizonazo. Za siku hizi nyingi hutumia gesi: mtutu una matundu madogo, sehemu ya moshi wa baruti hupita humo, husukuma pistoni, pistoni husukuma mtambo nyuma, ganda hutoka, na springi hurudisha mtambo ukiwa na risasi mpya. Risasi ikiwa dhaifu, moshi hautoshi, na ganda hukwama nusu ndani nusu nje. High Standard ile ilijulikana kwa udhaifu huo, kwamba ilitaka risasi kali tu. Mkulima wetu hachagui risasi. Hununua zilizopo dukani siku hiyo, kwa idadi anayoruhusiwa na kwa fedha aliyonayo.

Matundu yale ya gesi huziba kwa masizi ya baruti na mabaki ya plastiki ya risasi. Hivyo bunduki hii hutaka kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya kutumika, pistoni ifutwe, chemba ipigwe burashi, springi itazamwe. Je, tunafanya hivyo? Nimeona bunduki ya mitutu miwili iliyosafishwa mara moja kwa mwaka, kabla ya kwenda polisi, ikafanya kazi miaka thelathini, kwa sababu haina tumbo la kuvimbiwa. Unaivunja katikati, unatia risasi mbili, unafunga. Ile ya kujipakia haisamehi uvivu huo.

Yako pia mambo ya nchi yetu. Handeni kuna vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya saa. Korogwe, bondeni mwa mto Pangani, kuna joto lenye unyevu linalotia kutu chuma kilichofungiwa. Wengi hupaka mafuta ya nazi kwa kuwa yako jikoni, lakini mafuta hayo huganda hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Juni yanaweza kuwa gundi ndani ya mtambo. Mafuta ya taa husafisha vizuri, lakini hayalindi. Yakikauka huacha chuma uchi. Mafuta mepesi ya cherehani ni bora, yapakwe kidogo, kwa kitambaa, maana mafuta mengi hukamata vumbi. Ala ya ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia; bunduki isilale ndani yake. Mwenye bunduki yoyote, ndefu au fupi, ayajue haya. Tofauti ni kwamba bunduki fupi ina sehemu nyingi zaidi za kuharibika na watu wachache zaidi wa kuzitengeneza. Kipini kikivunjika, fundi wa Korogwe hana cha kuweka badala yake, na bunduki ya mamilioni hubaki kuwa mzigo wenye leseni.

Hadi hapa nimesema juu ya fani. Yaliyo mazito zaidi yako katika maudhui, yaani katika kile ambacho bunduki humfundisha mwenyewe bila kusema.

Watu wa vijijini kwetu walijifunza bunduki kwa gobore. Gobore hushindiliwa kwa mdomo: baruti, kitambaa, vipande vya chuma, mdeki, kisha fataki. Likilia mara moja limekwisha, limekuwa fimbo. Kizazi kizima kimekua na elimu hiyo mikononi, kwamba bunduki iliyolia ni bunduki tupu. Ya kujipakia inageuza elimu hiyo kuwa mtego. Ikilia, papo hapo imejaa tena, iko tayari kama ilivyokuwa kabla. Tena katika hii fupi, chemba iko nyuma karibu na kwapa na imefunikwa, si rahisi kuitazama kwa jicho moja kama ile inayovunjwa katikati ikaonyesha matundu yake kwa kila mtu. Mtoto, mke, jirani aliyekuja kuazima jembe, hakuna anayeweza kujua kwa kuangalia kama kitu hicho kina uhai.

Nitoe mfano ninaoujua. Katika miaka ya 1980, katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, mashemeji wawili walikuwa wakilinda shamba moja, kila mmoja na upande wake. Usiku ule mmoja alihama upande bila kusema, kwa kuwa alisikia nguruwe wamehamia huko. Mwenzake aliona kivuli kikitikisa mabua, akapiga. Alipoanza kushindilia tena ili ammalize nguruwe, alisikia jina lake likiitwa. Aliyeumia aliumia paja, akapelekwa hospitali, akapona, akawa anachechemea. Nilimjua miaka mingi baadaye. Aliniambia kwamba yeye hamlaumu shemeji yake kwa risasi ya kwanza, maana hata yeye angepiga. Anachomshukuru Mungu ni ule muda wa kushindilia, ambao ulimwachia nafasi ya kupiga kelele.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Wauzaji wanauhesabu muda kati ya risasi na risasi kuwa kasoro, na fundi hodari ni yule anayeuondoa. Kwa askari aliye vitani huenda ni hivyo. Kwa mkulima, gizani, katika shamba lenye majirani kila upande, muda huo ndio nafasi ya kusikia. Mtu aliyetishika akiwa na risasi kumi na tano chini ya kidole hasubiri kuitwa jina.

Najua jibu la mpwa wangu, kwa kuwa alinipa. “Mjomba, nguruwe aliyejeruhiwa hukurudia. Risasi moja haitoshi.” Ni kweli. Nguruwe dume mwenye jeraha ni mnyama wa kuogopwa, na mtu asiende kwake na fimbo. Lakini kati ya moja na kumi na tano kuna mbili. Bunduki ya mitutu miwili inayovunjwa katikati inampa mtu risasi ya pili mara moja, kwa bega lolote, la kulia au la kushoto, kwa risasi dhaifu au kali, kisha inamlazimisha kusimama, kuifungua na kufikiri. Marisau yenyewe hayana kazi kubwa kwa nguruwe zaidi ya mita 35 hivi. Mtu aliyekosa mara mbili kwa umbali huo hahitaji ya tatu, anahitaji taa na mwenzake.

Jambo la mwisho katika maudhui ni umiliki wenyewe. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyoiondoa ile ya 1991, humpa mtu kibali cha kushika silaha kwa masharti. Haimpi mali ya kurithisha kama ng'ombe. Mwenyewe akifa, warithi wanapaswa kuipeleka polisi, wala hawana ruhusa ya kuificha darini hadi kijana akue. Tena leseni ya bunduki si kibali cha kuua wanyama pori. Wanyama wana sheria yao, ya mwaka 2009, na mtu aanzie ofisi ya maliasili kabla ya kufika dukani. Ombi la silaha huanza kwa viongozi wa kijiji, na naona hekima hapo. Majirani ndio watakaolala karibu na bunduki hiyo. Wana haki ya kusema kama wanamwamini mwenyewe akiwa na hasira, akiwa amekunywa, akiwa na kesi ya mpaka wa shamba.

Hukumu yangu basi ni hii. Bunduki fupi ya kujipakia ni kazi ya akili, na mahali pake papo: kwa walinzi waliofunzwa, wanaofanya kazi katika nafasi finyu, wenye fundi na risasi za aina moja. Kwa mkulima wa Handeni au Korogwe ni kazi nzuri iliyotungiwa wasomaji wengine. Nilimwambia mpwa wangu kwamba fedha hiyo inunue bunduki ya mitutu miwili iliyotumika vizuri, na itakayobaki inunue sanduku la chuma la kufungia, taa mbili kubwa, na filimbi moja kwa kila mlinzi. Nilimwambia zaidi kwamba nguruwe hawatambui mipaka ya mashamba. Akiwafukuza kwake peke yake, atawapeleka kwa jirani, na keshokutwa watarudi. Walinde kwa zamu, mashamba kumi kwa pamoja, kila mtu akijua mwenzake amesimama wapi, na asihame bila kupiga filimbi.

Hakuniahidi kitu. Ni mtu mzima, na shamba ni lake. Lakini wiki iliyofuata alinipigia simu kuniuliza filimbi za michezo huuzwa wapi hapa Korogwe, na kama zile za shule husikika mbali. Nikamwambia husikika.